Chupa Nne, Lebo Tano

Thuku alikata roho saa nne na robo asubuhi, siku ya Jumanne, na kabla ya saa tano kila mtu katika hospitali ya misheni ya Ziwani alikuwa ameshajua nani kamuua.

Inspekta Kiponda hakupenda kesi zinazoiva upesi namna hiyo. Alisimama kando ya kitanda, akafunua shuka, akamtazama marehemu. Fundi seremala wa Malindi mjini, umri wa miaka thelathini hivi, paja la kulia limefungwa bendeji nene. Jana yake msumeno wa mashine ulikuwa umemkata. Lakini si msumeno uliomuua. Juu ya kichwa chake, kwenye chuma, chupa ya damu ilikuwa ingali inaning'inia, imebaki nusu.

"Nilimtundikia saa mbili," alisema Sista Jedida, muuguzi wa wodi. Macho yalikuwa yamemvimba. "Baada ya dakika kumi akaanza kutetemeka. Akalia kiuno kinamuuma. Nikafunga mpira wa damu, nikamwita daktari. Tukahangaika naye hadi mwisho."

"Jina kwenye chupa ulilisoma?"

"Mara mbili. Thuku, kundi O. Na yeye ni O, afande. Hata kwenye faili yake imeandikwa."

Daktari Garama, mkuu wa hospitali, alikuwa ameshaipima ile damu iliyobaki. "Lebo inasema O, lakini damu iliyomo ni B. Mtu wa O ukimtilia B umemtilia sumu."

"Nani hubandika lebo?"

Daktari na muuguzi wakatazamana.

"Mwikali, wa maabara," alisema daktari. "Peke yake."

Hapo Sajini Musyoka akamvuta bosi wake pembeni, daftari mkononi. Nusu saa ilikuwa imemtosha kukusanya maneno yote ya wodini na jikoni. Huyu Mwikali alikuwa mchumba wa Thuku. Ndoa yao ilitangazwa kanisani Jumapili mbili. Jumapili ya tatu Thuku akaja na msichana mwingine. Mwikali akasimama mbele ya waumini, akamwambia, "Ipo siku utanihitaji." Hakulia wala hakutukana. Akatoka zake.

"Siku yenyewe ikafika," alisema Musyoka. "Na mimi ni Mkamba mwenzake, mtu asije akasema namwonea."

Saa sita Mwikali alitolewa maabara na pingu mikononi. Ukumbi mzima ulisimama kutazama. Wauguzi, wapishi, wagonjwa wenye mikongojo, na Maina, mtaalamu wa kompyuta wa hospitali, ambaye alisimama mlangoni pa chumba chake na kikombe cha chai, hakinywi. Mwikali alipita katikati yao kama mtu anayepita njia isiyo na watu.

*

Alhamisi asubuhi mkuu wa kituo alimwita Kiponda ofisini.

"Kesho huyo mwanamke anasomewa shtaka la kuua kwa kukusudia. Faili nataka mezani jioni."

"Bado sijaridhika, mzee."

"Hujaridhika na nini? Sababu anayo, nafasi alikuwa nayo, na hajakana."

Kweli, hakuwa amekana, na hilo ndilo lililokuwa likimkera Kiponda. Shtaka lile adhabu yake ni kitanzi, na katika miaka kumi na tisa ya upolisi hajamwona muuaji anayekitazama kitanzi bila hata kujikuna. Akamtoa Mwikali mahabusu, akamkalisha kwenye benchi, akaagiza aletewe maji.

"Ulimuua Thuku?"

"Nilibandika mimi. Hakuna mwingine aliyezigusa zile chupa."

"Sikuuliza nani kabandika."

Mwikali aliyatazama maji, hakuyanywa. "Kesho nitakubali, afande. Musinichoshe. Damu mbaya ilitoka mikononi mwangu."

"Basi kabla ya kukubali nieleze kazi yako. Mimi mtu wa Kaloleni, mambo ya maabara siyajui. Nieleze kama unamfundisha mwanafunzi."

Akaeleza, kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Asubuhi ile kulikuwa na wagonjwa wanne wa kuongezewa damu. Wa kwanza Kahonzi, mama aliyejifungua usiku, huyo wa dharura. Wa pili Thuku. Wa tatu Hannah, mama kutoka Adu. Wa nne mzee Ngala wa Kakuyuni. Kila mmoja alimpimia damu yake, akaandika namba kwenye chupa kwa kalamu ya nta, arobaini na moja hadi arobaini na nne, na namba hizo akaziandika kwenye daftari pamoja na majina. Akazipanga chupa mezani kwa utaratibu ule ule wa orodha. Kisha akaingiza orodha kwenye kompyuta, na mashine ya kuchapa ikatoa lebo, utepe mmoja mrefu.

"Nina chupa nne, nakata lebo nne. Ya kwanza kwa ya kwanza, ya pili kwa ya pili. Nabandika juu ya namba."

"Juu ya namba? Unaifunika?"

"Ndiyo amri. Zamani nilikuwa naandika jina kwa mkono. Ilipokuja kompyuta tukakatazwa. Tukaambiwa kompyuta imeshasoma, wewe bandika tu."

"Nani aliwaambia?"

"Daktari aliweka sahihi. Maneno yalikuwa ya Maina."

*

Maabara ilikuwa imefungwa kwa utepe wa polisi tangu Jumanne. Kiponda na Musyoka waliingia wakakuta kila kitu kilivyoachwa. Kiponda hakugusa kitu kwanza. Alizunguka, mikono nyuma, akitazama. Akasimama mbele ya mashine ya kuchapa.

Mdomoni mwa mashine ilikuwa imening'inia lebo moja.

"Hii uliiona?"

"Niliiona," alisema Musyoka. "Nikadhani ni ya kazi iliyofuata."

"Kazi gani iliyofuata? Mlifunga chumba." Kiponda akainama, akasoma. "Ngala. Sasa, mzee Ngala alikuwa na chupa moja, na chupa yake tayari ina lebo ama haina?"

Wakafungua jokofu. Chupa za siku ile zilikuwa zimewekwa pamoja kama vielelezo: ya Kahonzi, tupu, ya Thuku, nusu, na mbili zilizojaa, ambazo hazikuwahi kufika wodini. Kiponda akazisoma lebo moja moja, na kila alipoisoma moja aliitaja kwa sauti.

"Kahonzi. Kahonzi tena. Thuku. Hannah." Akageuka. "Musyoka, mama Kahonzi aliagiziwa chupa ngapi?"

"Moja, afande. Daftari linasema moja."

"Chemsha maji."

Kwa mvuke wa birika walizibandua lebo, taratibu, mmoja ameshika koleo na mwingine ameshika pumzi. Chini ya lebo ya kwanza ya Kahonzi palikuwa na arobaini na moja, ndivyo ilivyopaswa. Chini ya lebo yake ya pili, arobaini na mbili: damu ya Thuku. Chini ya lebo ya Thuku, arobaini na tatu: damu ya Hannah. Chini ya lebo ya Hannah, arobaini na nne: ya mzee Ngala. Na lebo ya mzee Ngala ilikuwa imebaki mdomoni mwa mashine, haina chupa.

Kiponda aliketi kwenye kigoda.

"Sikiza, Musyoka. Wewe unataka kumuua Thuku kwa damu. Unafanyaje?"

"Nachukua lebo yake, naibandika kwenye chupa nyingine. Na lebo ya ile nyingine naiweka kwenye yake."

"Umebadilishana mbili. Zile mbili nyingine hazikuhusu. Lakini hapa hakuna kubadilishana. Hapa mtu mmoja kaingia foleni mara mbili, na wote walio nyuma yake wamesogea hatua moja. Lau Sista Jedida angeendelea, Hannah naye angeweza kufa, na mzee Ngala angekosa chupa. Hawa Mwikali aligombana nao lini?"

Musyoka alijikuna shingo. "Kwa hivyo mashine ilitoa tano."

"Chupa nne, lebo tano. Twende kwa mwenye mashine."

*

Mwaka ule wa 1987 kompyuta ilikuwa kitu cha kuchunguliwa mlangoni, na Maina alikuwa amezoea kuchunguliwa. Chumba chake ndicho pekee chenye mashine ya kupoza hewa. Aliwakaribisha vizuri, akavuta viti.

"Inawezekana mashine yako ikatoa lebo moja mara mbili?"

"Haiwezekani. Kompyuta hufanya inachoambiwa. Ukiona mbili, mtu kaomba mbili."

"Mwikali anasema aliomba moja."

"Mshukiwa atasema nini kingine, afande?"

"Programu hii nani kaiandika?"

"Mimi. Kwa lugha ya C." Alilitaja jina la lugha hiyo kama mtu anavyotaja ukoo wake.

"Na ikikosea, unajuaje?"

"Haijakosea. Ripoti yangu ya mwaka mzima hii hapa. Safu ya makosa: hakuna."

Kiponda aliitazama ripoti. Miezi kumi na miwili, na kila mwezi neno lile lile. Yeye hakujua kompyuta, ila alijua ripoti. Maisha yake yote alikuwa akiziandika. Kituo kisichokuwa na uhalifu hata mmoja mwaka mzima ni kituo ambacho mtu kaficha daftari.

"Nichapie orodha ya Jumanne. Vile vile, majina manne, Kahonzi dharura."

Daktari Garama na Sista Jedida waliitwa washuhudie. Maina akaandika, vidole vyepesi. Kule maabara mashine ikakoroma. Musyoka akarudi na utepe: Kahonzi, Thuku, Hannah, Ngala. Nne.

"Mmeona?" alisema Maina.

Lakini Sista Jedida alikuwa ameinua kichwa, anatazama upande wa wodi. "Kumbe kengele imetengenezwa?"

"Kengele gani?" aliuliza Kiponda.

"Hiyo iliyolia sasa hivi. Lebo ya dharura ikichapwa, kompyuta hutupigia kengele wodini tukachukue chupa. Jumanne haikulia. Nilimfuata Maina hapa hapa, saa moja na nusu, nikamwambia kengele imekufa. Akaniambia ni waya, atautazama akimaliza chai."

Chumba kile chenye baridi kikawa na baridi zaidi. Kiponda aligeuka polepole.

"Ulikuwa waya?"

"Ndiyo... waya ulilegea."

"Ukaukaza lini?"

"Siku ile ile."

"Musyoka, huo waya unapita wapi?"

"Maabara, afande. Juu ya dari ya maabara."

"Maabara tuliyoifunga saa sita, na leo tuliukuta utepe haujakatwa. Kabla ya saa sita hakuna aliyekuona na ngazi, na saa sita yenyewe ulikuwa umesimama mlangoni hapo na kikombe. Nilikuona mimi." Akasogeza kiti karibu. "Kengele inapigwa na nini, Maina?"

"Na... programu nyingine. Ndogo. Programu yangu ya lebo huiita."

"Jumanne ilipoiita, ilikuwepo?"

Maina aliitazama skrini. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na mashine ya kupoza hewa inavuma.

"Iondoe tena," alisema Kiponda. "Iweke pale ilipokuwa Jumanne. Halafu tuchapie ile orodha mara ya pili."

"Siwezi bila idhini ya daktari."

"Idhini unayo," alisema Daktari Garama. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Fanya."

Safari hii vidole vilikuwa vizito. Akakosea, akafuta, akaandika upya. Alipobonyeza mara ya mwisho, kengele haikulia. Kule maabara mashine ikakoroma, na wote walihisi kwamba ilikoroma muda mrefu kuliko mwanzo. Musyoka hakuja na utepe mkononi tu. Alikuja ameunyoosha mbele yake kwa mikono miwili.

"Kahonzi," alisoma. "Kahonzi. Thuku. Hannah. Ngala."

Sista Jedida alishika mdomo.

"Na kwenye skrini hakuna neno," alisema Kiponda. "Programu imeita nyingine, haikuipata, na haikusema lolote. Ndivyo zinavyofanya?"

"Hapana," alisema Maina. Akalaza mikono juu ya meza kama mtu anayeitoa ikafungwe. "Husema. Mimi ndiye niliyeiziba mdomo."

*

Alieleza yote pale pale, na Musyoka akaandika. Mara mbili tatu alianza kwa maneno ya kitaalamu, na Kiponda akamrudisha kwenye Kiswahili.

Programu ikitaka kuita programu nyingine, alisema, kwanza hujigawa. Anazaliwa mtoto ambaye ni nakala ya mama kwa kila kitu, hata na mizigo aliyoshika mama ambayo hajaikabidhi. Huyo mtoto kazi yake ni moja: ageuke awe ile programu iliyoitwa. Akigeuka, mizigo ya mama humtoka mikononi, na hapana tatizo.

"Na asipoweza kugeuka?"

"Hubaki nakala ya mama. Hapo anatakiwa aseme kilichomshinda, aseme moja kwa moja kwenye skrini, kisha afe pale pale bila kugusa chochote. Iko amri ya kufa hivyo. Iko na nyingine, ya kutoka kwa adabu, ambayo kabla ya kuondoka hukabidhi kila kilichomo mkononi. Mimi niliweka hiyo ya adabu."

"Na mkononi alikuwa na lebo ya Kahonzi."

"Kahonzi ndiye wa kwanza, na ndiye wa dharura. Lebo yake ilikuwa mkononi mwa mama, haijaenda kwa mashine. Mtoto akashindwa kuipata kengele, akaikabidhi, akaondoka. Halafu mama akamaliza orodha, akakabidhi zake zote, na ya Kahonzi ikiwemo."

"Ulijua kwamba inaweza kutokea?"

Maina aliinuka, na Musyoka akainuka naye. Lakini alikwenda kwenye kabati tu, akatoa barua. Ilitoka kwa mhandisi aliyeileta ile mashine, ya miezi minane nyuma. Kiponda aliisoma hadi mwisho. Mhandisi alieleza kosa lile kwa adabu, akaonyesha mstari wenyewe wa kubadilisha, na maneno ya mwisho akayapigia mstari: kushindwa kuita programu kusinyamazishwe kamwe.

"Mstari mmoja," alisema Kiponda.

"Mmoja. Lakini ningeubadilisha ningelazimika kuandika kwamba palikuwa na kosa, na nani kaligundua. Mimi nilikwishawaambia wafadhili wa hospitali programu ni kamili. Waliniahidi, mwaka ukiisha bila kosa hata moja, wananipeleka ng'ambo nikasome. Kwa hivyo kila ujumbe wa kosa niliuelekeza mahali unapomezwa. Jumatatu jioni nikapanga mafaili upya, maana hao wafadhili wanakuja, nikahamisha programu ya kengele na nikasahau kwamba ile ya lebo bado inaitafuta pale pa zamani."

"Sista alikuja saa moja na nusu."

"Alikuja." Sauti ilimkatika. "Ningeuacha ule ujumbe, ungekuwa kwenye skrini mbele ya macho yangu: kengele haikupatikana. Ningeikumbuka barua. Ningekimbia kuzizuia chupa, nusu saa ilikuwepo. Lakini skrini ilikuwa safi, nami nikaendelea na chai."

"Na ulijua lini?"

"Daktari aliposema damu ni B. Niliingia hapa nikairudisha kengele mahali pake. Nilipotoka mlangoni, Mwikali alikuwa anapita na pingu."

"Ukanyamaza."

"Nilijiambia watamwachilia. Jana nikajiambia hivyo tena. Leo asubuhi niliposikia ni kesho mahakamani, nilijiambia..."

Daktari Garama alikuwa amesimama dirishani, amewapa mgongo. "Ile amri ya kutoandika kwa mkono nilitia sahihi mimi," alisema. "Iandike na hiyo, sajini."

*

Saa kumi alasiri Kiponda alimfungulia Mwikali mlango wa mahabusu yeye mwenyewe. Alimkalisha ofisini, akamweleza pole pole: namba zilizo chini ya lebo, mtoto wa programu, kengele, barua. Hakumficha hata lile la Thuku kwamba angeweza kupona. Alidhani atafurahi, au atamlaani Maina, na kwa yote mawili alikuwa tayari.

Mwikali alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hivyo mimi siye."

"Siye, dada. Kesho hakuna mahakama. Nenda nyumbani."

"Mkono wangu haukumchagua yeye."

"Hukumchagua. Ilikuwa ni foleni tu."

Alitikisa kichwa, polepole, kama anayehesabu. "Siku tatu nimejihoji mimi kuliko mulivyonihoji nyinyi. Kila usiku naziona chupa. Nasema, pengine nilitaka. Pengine mkono ulijua kitu ambacho mimi sikijui. Kwa sababu nilimchukia, afande, sitakudanganya."

"Kuchukia si kosa la jinai."

"Na nilikuwa nampenda." Akaitazama mikono yake. "Ningelia mungesema ni majuto ya muuaji. Ningekaa kimya mungesema nina moyo wa jiwe. Nikachagua kimya. Afande, keshazikwa?"

"Wanazika kesho saa nane."

"Basi ruhusa ninayo? Ya kumlilia?"

Kiponda alisimama. Akaitikia kwa kichwa.

Kilio kilichomtoka Mwikali kilisikika hadi barabarani. Askari walikuja mbio kutoka kaunta wakidhani kuna mtu anaumizwa. Kiponda alitoka, akaufunga mlango nyuma yake, akasimama mbele yake, na hakumruhusu mtu yeyote kuingia.